Plastiki inayooza: Nyuzi za mimea na mtihani wa kibanda cha Lindi

KATIKA vichochoro vya Lindi, kimojawapo cha vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera jijini Nairobi, chakula hununuliwa kwa kiasi cha mlo mmoja. Sukumawiki hukatwakatwa mbele ya mteja, githeri hupimwa kwa kikombe, nayo maziwa humiminwa kutoka kwenye mtungi kwa thamani ya pesa alizo nazo mnunuzi. Aghalabu mteja huyo yuko njiani kutoka kazini na hana kikapu wala bakuli.

Biashara ya aina hii, ambayo pia ndiyo desturi ya vibanda vya Kawangware na mitaa mingine ya mabanda, ndiyo iliyoupa mfuko mwembamba wa plastiki nafasi yake. Mfuko huo, ambao Wanairobi wengi huuita juala au karatasi, ni mwepesi, haupitishi maji na bei yake haihisiki. Lakini baada ya dakika chache za kazi huishia mtaroni, na huko hubaki kwa miaka mingi.

Kwa muda mrefu sasa wanasayansi wamekuwa wakitafuta utando utakaofanya kazi ya juala kisha uoze kama ganda la ndizi. Mojawapo ya njia zinazotiliwa matumaini ni kuimarisha plastiki inayooza kwa nyuzi nyembamba mno zinazotolewa kwenye mimea, ziitwazo nyuzi za nano. Njia hii imethibitika katika maabara. Utando wenyewe, hata hivyo, utapimwa kwa mambo matatu kabla ya kukubalika Lindi: kustahimili chakula chenye majimaji, kuoza mahali pasipo na mtambo wa kuozesha taka, na kuuzwa kwa bei ambayo mchuuzi anaimudu.

Marufuku na pengo lililobaki

Kenya ilitangaza marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kupitia notisi ya gazeti rasmi la serikali ya Februari 28, 2017. Marufuku hiyo ilianza kutekelezwa Agosti 28 mwaka huo. Adhabu iliyotajwa ilikuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi duniani: faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne.

Kenya haikuwa ya kwanza katika kanda hii. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, na Tanzania Bara ikatekeleza marufuku yake kuanzia Juni 1, 2019.

Mifuko yenye vishikio ilitoweka haraka katika maduka makubwa ya Nairobi. Vibandani hali ilikuwa tofauti. Mifuko myembamba inayoonyesha ndani iliendelea kupenyezwa nchini kutoka nje na kuuzwa kwa siri. Wachuuzi wengine walirejea kufungia mandazi na sambusa kwa karatasi za magazeti, ijapokuwa wino wa magazeti haukutengenezwa ili uguse chakula. Wengine walianza kutumia mifuko ya vitambaa vya plastiki isiyofumwa, ambayo hufaa kubebea viazi lakini haifai kwa maharagwe yaliyochemshwa.

Marufuku hiyo, kwa hivyo, iliondoa kifaa bila kuondoa haja iliyokuwa ikikidhiwa na kifaa hicho. Aprili 8, 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilitoa agizo jingine: taka zinazooza zikusanywe katika mifuko inayooza yenyewe kwa asilimia 100, na muda wa siku 90 ukatolewa ili agizo litekelezwe. Tangu hapo swali la ni utando gani hasa unaostahili kuitwa “unaooza” limekuwa suala la sheria na la biashara, si la maabara peke yake.

Kwa wakazi wa Lindi suala hilo lina uzito wa pekee. Kijiji hicho, ambacho hakipaswi kuchanganywa na mji wa Lindi ulio kusini mwa Tanzania, kiko kwenye mteremko unaoelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Mitaro inapozibwa na taka, maji ya mvua hukosa pa kupita na kuingia majumbani. Mafuriko yaliyoikumba Nairobi mwezi wa Aprili na Mei 2024 yalionyesha jinsi wakazi wa kandokando ya mito wanavyokuwa wa kwanza kuumia.

Plastiki inayooza ni nini?

Plastiki ya kawaida ya mifuko, yaani polithini, hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli au gesi. Minyororo ya molekuli zake ni mirefu, na vijidudu vya udongoni havina uwezo wa kuikata kwa kasi ya maana. Plastiki inayooza ina minyororo ambayo bakteria na kuvu huweza kuikata na kuila, hadi ikabaki maji, hewa ya kaboni na mabaki ya viumbe hai.

Ni muhimu kuitofautisha na plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ili imeguke. Hiyo huvunjika vipande vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho, lakini vipande hivyo hubaki kuwa plastiki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za aina hiyo kuanzia Julai 2021.

Miongoni mwa plastiki zinazooza, mbili hutajwa zaidi katika ufungashaji wa chakula. Ya kwanza hutokana na wanga, kama ule wa muhogo, mahindi au viazi. Wanga huchanganywa na maji na gliseroli, hupashwa moto hadi ukawa uji mzito, kisha hutandazwa na kukaushwa. Ya pili ni asidi ya polilaktiki, maarufu kwa kifupi chake PLA. Hiyo hupatikana kwa kuchachusha sukari za mimea na kuunganisha zao lake kuwa mnyororo mrefu.

Zote mbili zina kasoro. Utando wa wanga hunywa maji, huvimba na kulegea. Ukikauka sana huwa mkavu na kupasuka kama ganda la yai. PLA huhimili maji vizuri zaidi, lakini ni ngumu na huvunjika kwa urahisi ikiwa nyembamba, na huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi za selisiasi. Githeri inayotoka sufuriani ina joto zaidi ya hilo. Isitoshe, PLA hupitisha hewa ya oksijeni kwa kiasi kinachoweza kuharibu vyakula vyenye mafuta.

Fito ndani ya udongo

Hapo ndipo nyuzi za nano zinapoingia. Kila mmea umejengwa kwa selulosi, dutu iliyotambuliwa na mwanakemia Mfaransa Anselme Payen mwaka 1838. Molekuli za selulosi hujipanga sambamba na kushikamana kuwa vinyuzi vidogo sana, vinyuzi hivyo hukusanyika kuwa nyuzi kubwa, nazo nyuzi hizo ndizo zinazoonekana katika kamba ya mkonge au kitambaa cha pamba.

Nyuzi za nano ni vile vinyuzi vya ndani vilivyotenganishwa. Upana wake huwa chini ya nanomita 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ingawa ni nyembamba kiasi hicho, urefu wake ni mkubwa mara nyingi kuliko upana, na sehemu zake zilizojipanga kama fuwele ni ngumu mno zikilinganishwa na uzito wake.

Utengenezaji wake hufuata hatua zinazoeleweka. Malighafi hukatwa na kuchemshwa katika maji yenye magadi makali, yaani sodiamu haidroksaidi, ili kuondoa lignini na gundi nyingine za mmea. Kisha hupaushwa hadi ikabaki selulosi nyeupe. Rojo linalopatikana hupitishwa kwa nguvu katika tundu jembamba la mashine yenye shinikizo kubwa, au husagwa kati ya mawe maalumu, hadi nyuzi zikaachana. Matokeo yake ni kitu mfano wa uji mzito ambao sehemu yake kubwa ni maji.

Kazi ya namna hii ilianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, katika maabara za kampuni ya ITT Rayonier, ambako Albin Turbak na wenzake walipitisha rojo la mbao katika mashine ya aina inayotumiwa kulainisha maziwa. Tatizo lilikuwa umeme. Kutengeneza tani moja ya nyuzi hizo kuliweza kula zaidi ya kilowati-saa 20,000. Baadaye iligunduliwa kwamba malighafi ikitayarishwa kwanza kwa vimeng'enya au kwa kemikali zinazolegeza vinyuzi, matumizi hayo hushuka hadi kiasi cha 1,000 au chini yake. Mwaka 2011 taasisi ya Innventia ya Sweden ilifungua mjini Stockholm mtambo wa majaribio wenye uwezo wa kutengeneza kilo 100 kwa siku.

Namna nyuzi hizo zinavyoimarisha utando inaweza kueleweka vyema na yeyote aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa Kibera. Udongo peke yake hupasuka na kumomonyoka. Ukisilibwa juu ya fito zilizofungwa vizuri, husimama. Ndani ya utando, wanga au PLA ndiyo udongo, na nyuzi za nano ndizo fito. Nguvu inayouvuta mfuko huhamishiwa kwenye nyuzi, nao ufa unaoanza hukutana na vizuizi kabla ya kuenea.

Faida ya pili ni kuzuia mvuke na hewa. Molekuli ya maji au ya oksijeni inayojaribu kupenya hulazimika kuzunguka wavu wa nyuzi, hivyo safari yake inakuwa ndefu. Katika utando wa wanga, nyuzi hushikamana na wanga kwa vifungo vya haidrojeni, kwa sababu vitu hivyo viwili vina asili moja. Kwa hivyo wanga hubaki na nafasi chache za kunywa maji.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo. Majaribio mengi hutumia kati ya asilimia 1 na 10 ya uzito wa utando. Zikizidi, nyuzi hushikana madonge na kugeuka kuwa chanzo cha udhaifu. Kwa PLA kuna ugumu zaidi: nyuzi za selulosi hupenda maji ilhali PLA huyakataa, kwa hivyo uso wa nyuzi hubadilishwa kwanza kikemikali ili viwili hivyo vielewane.

Ikumbukwe pia kwamba nyuzi zenyewe huvutiwa na maji. Katika hewa kavu huzuia oksijeni kwa ufanisi mkubwa, lakini unyevunyevu ukizidi uwezo huo hupungua. Zinapunguza udhaifu wa wanga bila kuuondoa. Utando wa wanga ulioimarishwa unaweza kufaa kwa mandazi, mkate, chapati na mboga mbichi. Kwa maharagwe yenye mchuzi utahitaji kupakwa tabaka jingine, kama la nta.

Tafiti nyingine huongeza mafuta ya mimea yenye uwezo wa kuzuia kuvu, yakiwemo mafuta ya karafuu, zao ambalo Unguja na Pemba zinalijua kwa karne mbili. Wavu wa nyuzi huyashika mafuta hayo na kuyaachilia polepole, jambo linaloweza kuongeza siku za kukaa kwa mkate.

Mkonge, migomba na gugumaji

Afrika Mashariki haina upungufu wa malighafi. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na baadaye ukawa zao kuu la Tanga. Nchini Kenya hulimwa katika mashamba makubwa ya Kilifi na Taita Taveta. Takriban thuluthi mbili ya uzito wa singa za mkonge ni selulosi. Zaidi ya hayo, singa ni sehemu ndogo tu ya jani, yapata asilimia 4. Sehemu iliyobaki hutupwa, nayo ina nyuzi fupi ambazo hazifai kusokotwa kamba lakini zinaweza kusagwa.

Kuna pia vigogo vya migomba ambavyo wakulima wa Kisii na Meru hukata baada ya kuvuna, pamoja na makapi ya miwa katika viwanda vya sukari vya magharibi mwa nchi. Kutumia mabaki kuna ubora mmoja mkubwa: hakumnyang'anyi mtu chakula. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa kuhusu wanga wa muhogo, ambao ni chakula cha watu wengi Pwani na Busia. Maganda na mabaki ya viwanda vya unga yangefaa kufikiriwa kwanza.

Mmea unaozungumzwa zaidi ni gugumaji. Asili yake ni bonde la mto Amazon, na sasa limesumbua wavuvi wa Ziwa Victoria kwa zaidi ya miongo mitatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Andalas mjini Padang, Indonesia, wameonyesha kwamba nyuzi za nano za gugumaji zinaweza kuchanganywa na wanga wa muhogo na kupata utando unaostahimili unyevu vizuri zaidi kuliko wanga peke yake. Nchini Kenya, kampuni ya HyaPak, iliyoanzishwa na Joseph Nguthiru aliyesomea Chuo Kikuu cha Egerton, hugeuza gugumaji la Ziwa Naivasha kuwa vifungashio na mifuko ya miche inayooza.

Mkazi wa Lindi hahitaji kwenda Naivasha kuliona gugumaji. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 ili kuhifadhi maji, limefunikwa na mmea huo kwa miaka mingi. Lakini hapa tahadhari inahitajika. Gugumaji lina tabia ya kufyonza metali nzito kama risasi na kadimiamu kutoka kwenye maji machafu, na bwawa hilo hupokea maji taka. Nyuzi zilizotoka humo hazipaswi kugusa chakula kabla ya kupimwa kikamilifu, hata kama zingepatikana bure. Kwa matumizi mengine, kama mifuko ya taka zinazooza au ya miche, masharti yanaweza kuwa mepesi.

Kuoza mahali gani?

Kibera imewahi kuona plastiki inayooza. Kuanzia mwaka 2010, katika kijiji cha Silanga kilicho jirani na Lindi, mradi wa Peepoo wenye asili ya Sweden ulisambaza mifuko ya kujisaidia iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Ndani yake ilitiwa urea ya kuua vijidudu, na mifuko iliyotumika ilikusanywa ili kuwa mbolea. Mradi huo ulilenga tatizo lililoifanya Kibera ijulikane vibaya, la kinyesi kutupwa katika mifuko ya polithini. Somo lake kwa ufungashaji wa chakula ni kwamba utando peke yake hautoshi. Mifuko ile ilihitaji mtu wa kuiuza, mtu wa kuikusanya na mahali pa kuipeleka.

Sharti hilo la mwisho lina maana kubwa kwa PLA. Kiwango cha Ulaya kinachojulikana kama EN 13432 hutaka asilimia 90 ya kaboni ya kifungashio iwe imegeuka hewa ya kaboni katika muda wa miezi sita, lakini kipimo hicho hufanywa katika hali ya mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Mtaro wa Lindi haufikii joto hilo. PLA iliyotupwa humo inaweza kukaa miaka, na kuongezewa nyuzi za nano hakuibadilishi kuwa kitu kingine. Kwa mtazamo wa maji ya mvua yanayotafuta njia, haitofautiani na juala.

Wanga na selulosi huliwa na vijidudu hata katika joto la kawaida la udongo. Ndiyo sababu utando wa wanga ulioimarishwa kwa nyuzi, pamoja na udhaifu wake mbele ya mchuzi, unafaa zaidi kwa mazingira ya mitaa ya mabanda kuliko PLA yenye sura ya kuvutia.

Gharama na usalama

Nyuzi zenyewe huenda zisiwe mzigo mkubwa kama inavyodhaniwa. Tani moja ya utando wenye asilimia 5 ya nyuzi huhitaji kilo 50. Kwa njia ya zamani kilo hizo zingekula takriban kilowati-saa 1,000 za umeme. Kwa njia mpya ni 50 hivi. Gharama nyingine ni kemikali, maji mengi ya kusafishia, na usafirishaji wa rojo ambalo karibu lote ni maji. Rojo hilo likikaushwa ovyo, nyuzi hushikamana tena na haziachani kwa urahisi. Hilo huelekeza kwamba kiwanda cha nyuzi na kiwanda cha utando vikae pamoja, karibu na malighafi.

Kuhusu usalama, selulosi ya kawaida imetumika katika vyakula kwa muda mrefu bila madhara. Hata hivyo, kitu kinapofanywa kidogo kwa kiwango cha nano kinaweza kuwa na mwenendo tofauti mwilini. Inafaa kupimwa ni kiasi gani cha nyuzi na mabaki ya kemikali huhamia kwenye chakula, hasa chakula cha moto au chenye mafuta, kabla ya utando kuruhusiwa sokoni.

Aidha, lebo ya “inaoza” inapaswa kueleza inaoza wapi na kwa muda gani. Bila maelezo hayo, mchuuzi anayenunua kwa nia njema anaweza kuuziwa polithini inayomeguka, na mzigo wa adhabu ukamwangukia yeye.

Kwa sasa kikapu, bakuli la nyumbani na jani la mgomba bado ndivyo vifungashio visivyo na shaka. Utando wa wanga na nyuzi za mimea unaweza kuchukua nafasi ya juala pale vifaa hivyo vinapokosekana, mradi uzalishwe karibu, upimwe kwa chakula kinachouzwa kweli vibandani, na uthibitishwe kwamba ukianguka mtaroni Lindi hautaikuta mvua ya msimu ufuatao.